Kihisi cha haidrojeni peroksaidi bila kimeng'enya: kazi inafanywa na kaboni, au na chuma kilichojificha ndani yake?

Swali: Shikamoo Dakta. Nasoma shahada ya uzamili hapa Morogoro. Natengeneza kihisi cha umeme cha kupima haidrojeni peroksaidi, ile ambayo baadhi ya wauzaji huitia kwenye maziwa mabichi ili yasichachuke. Sitaki kutumia kimeng'enya kwa sababu ya bei, na kwa sababu vituo vya kukusanyia maziwa havina friji ya uhakika. Nimechoma vifuu vya nazi, nikasaga mkaa wake, nikaukanda na mafuta ya parafini kuwa elektrodi. Kwenye bafa (myeyusho ambao pH yake haibadiliki kirahisi) niliyoipitishia naitrojeni, kwa volti -0.4, mkondo unapanda vizuri kila nikiongeza peroksaidi. Kwenye maziwa mkondo upo tangu kabla sijaongeza chochote, na kila nikirudia kupima unazidi kushuka. Makala ninazosoma, kila moja inasema kaboni yake ndiyo bora. Je, niendelee na mkaa huu, au nahangaika bure?

Jibu: Marahaba. Huhangaiki bure, ila nikuambie wazi: kwenye maziwa, kihisi chako kwa sasa kinapima oksijeni zaidi ya peroksaidi. Naanzia hapo, kisha nitakuja kwenye mkaa wenyewe, maana huko kuna swali ambalo hukuliuliza na ni kubwa kuliko haya uliyouliza.

Haidrojeni peroksaidi inaweza kwenda pande mbili. Ukiinyang'anya elektroni mbili inageuka oksijeni, ukiipa elektroni mbili inageuka maji. Vitabuni, upande wa kupokea elektroni una potenshali ya kawaida ya volti 1.76, na oksijeni kugeuka peroksaidi ni volti 0.695. Anayesoma namba hizo peke yake atadhani molekuli hii itapokea elektroni kwa urahisi kwenye elektrodi yoyote utakayoichovya. Haiko hivyo. Lazima kwanza kifungo kati ya oksijeni zake mbili kivunjike, na uso wa kaboni safi hauna mahali pa kuishika molekuli mpaka kivunjike. Ndiyo maana kwenye kaboni ya kioo, ile kaboni ngumu inayong'aa kama kioo, iliyosuguliwa vizuri inabidi upande hadi karibu volti +0.9 au zaidi, dhidi ya elektrodi rejea ya fedha na kloridi ya fedha (Ag/AgCl), ile ya kulinganishia volti, ndipo uioksidishe, au ushuke sana upande wa hasi ndipo ipokee elektroni. Nishati inaruhusu, kasi ndiyo inayogoma.

Kila upande una adui zake. Huko juu kwenye +0.9 maziwa yamejaa vitu vinavyotoa elektroni: vitamini C, asidi ya yuriki, hata tairosini na triptofani zilizomo kwenye protini. Huko chini, ulipo wewe, adui ni mmoja tu lakini yupo kila mahali. Maji yaliyokaa wazi kwa nyuzijoto 25 yana takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita, yaani karibu milimola 0.25. Mkaa wako una kingo na kasoro nyingi, na kwa volti -0.4 oksijeni hiyo inapokea elektroni juu yake. Tena kwenye kaboni oksijeni kwa kawaida hupokea elektroni mbili kwanza na kugeuka peroksaidi. Kwa hiyo elektrodi yako inajitengenezea yenyewe kile unachotaka kukipima, halafu inakihesabu. Kwenye bafa hukuliona tatizo hili kwa sababu naitrojeni iliifukuza oksijeni. Kwenye maziwa huwezi kufanya hivyo. Ukiyapitishia gesi yanatoa povu mpaka linapanda mdomoni mwa chupa, na hata yasingetoa povu, karani wa kituo cha maziwa hana mtungi wa naitrojeni.

Iweke akilini ile milimola 0.25, kwa sababu inakutana na namba nyingine ya muhimu. Mwaka 1991 Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ilitoa mwongozo wa kuhifadhi maziwa mabichi mahali pasipo na ubaridi, kwa kuamsha kinga ya asili iliyomo kwenye maziwa yenyewe. Zinatiwa miligramu 14 za thiosayaneti ya sodiamu na miligramu 30 za pakaboneti ya sodiamu kwa kila lita, na hiyo pakaboneti inatoa kama miligramu 8.5 za haidrojeni peroksaidi. Gawanya kwa uzito wa moli, 34, unapata milimola 0.25. Kiasi ambacho mwongozo unakitaja kinalingana na oksijeni iliyoyeyuka. Kihisi kisichoweza kutofautisha viwili hivyo hakiwezi kukuambia lolote kuhusu kiwango hicho.

Sasa yule anayeghushi kwa kukadiria kwa macho yuko mbali na hapo. Chupa ya duka la dawa ya asilimia 3 ina karibu mola 0.9. Kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maziwa kinaleta zaidi ya milimola 4. Kwa upande wa chini, kanuni za Marekani kwa vifungashio vya chakula vilivyotakaswa kwa peroksaidi haziruhusu mabaki kupita sehemu 0.5 kwa milioni, sawa na mikromola kama 15. Kazi yako basi iko kati ya mikromola kumi na kitu na milimola kumi. Nalisisitiza hili kwa sababu utaona makala zikishindana kushuka hadi nanomola chache, na utajaribiwa kuingia kwenye mashindano hayo. Kwa anayechunguza peroksaidi inayotolewa na seli hai, nanomola ni suala la msingi. Kwa dumu la maziwa halimsaidii mtu. Kinachomsaidia ni uhakika kwamba mkondo aliousoma ni wa peroksaidi na si wa kitu kingine.

Kuhusu mkondo unaoshuka ukirudia, sababu zinaweza kuwa mbili na tiba zake ni tofauti kabisa. Moja ni kwamba kasini, protini kuu ya maziwa, na mafuta vinaganda juu ya elektrodi na kuifunika. Nyingine ni kwamba maziwa yenyewe yanaila peroksaidi. Maziwa mabichi ya ng'ombe yana kimeng'enya cha laktoperoksidasi, kama miligramu 30 kwa lita, na yana katalasi pia. Unatia peroksaidi, unakoroga, unaweka elektrodi, unasoma, na wakati huo wote inapungua. Kuzitenganisha sababu hizi ni rahisi: ukimaliza kupima kwenye maziwa, suuza elektrodi, irudishe kwenye bafa yenye peroksaidi ya kiasi unachokijua. Mkondo ukiwa ule ule wa asubuhi, elektrodi ni nzima na maziwa ndiyo yaliyokula. Ukiwa umeshuka, uso umezibwa. Fanya hivyo kabla ya kubadilisha chochote kingine. Na rudia na maziwa yaliyochemshwa: vimeng'enya vile vinakufa kwa moto, protini na mafuta vinabaki.

Nije sasa kwenye mkaa. Swali ambalo hukuliuliza ni hili: ulisagia nini?

Nauliza kwa sababu vihisi vya kaboni visivyo na kimeng'enya vina historia ambayo kila anayeingia kwenye fani hii anapaswa kuijua. Baada ya Sumio Iijima kuchapisha kazi yake ya neli za nano za kaboni, yaani vijibomba vidogo mno vya kaboni, mwaka 1991, neli hizo ziliwekwa kwenye kila aina ya elektrodi, na zikasifiwa kwamba zinachochea mmenyuko wa peroksaidi kwa volti ndogo. Watu walieleza kwamba ni umbo lao, ni udogo wao, ni mpangilio wa atomu. Mwaka 2006 Biljana Šljukić, Craig Banks na Richard Compton wa Oxford wakaonyesha kwamba kwenye neli walizozichunguza kazi ilikuwa inafanywa na chembe za oksaidi ya chuma. Neli hukuzwa kwa kutumia chembe za metali, na chembe hizo hubaki ndani. Kuosha kwa asidi hakuziondoi zote, kwa sababu nyingine zimefungwa ndani ya tabaka za grafiti ambako asidi haifiki. Kwa maoni yangu hii ni miongoni mwa kazi zenye manufaa makubwa zaidi katika uwanja huu, kwa sababu waandishi walijiuliza ni nini kinachofanya kazi, badala ya kushangilia kwamba kazi inafanyika.

Grafini nayo, yaani tabaka moja tu la atomu za kaboni, ilipita njia hiyo. Kuanzia mwaka 2004, Geim na Novoselov walipoitenga pale Manchester, kila mwezi yalitoka maandiko ya grafini iliyotiwa naitrojeni, boroni, salfa, fosforasi, na mchanganyiko wa hizo. Mwaka 2020 Martin Pumera na wenzake walichukua grafini wakaitia kinyesi cha ndege, ambacho kwa asili kina naitrojeni, fosforasi na salfa, wakaonyesha kwamba inachochea vizuri kuliko grafini isiyotiwa kitu. Walikuwa wanauliza kwa dhati: kama karibu kila kitu kinaboresha, basi kusema "nimeboresha" kunatuambia nini?

Nchini kwetu tatizo hili linajitokeza kwa sura nyepesi zaidi. Wapo wanafunzi wanaochomoa vijiti vya mkaa kwenye betri kavu za tochi na kuvifanya elektrodi. Si wazo baya, kijiti kile kinapitisha umeme vizuri. Lakini kimezungukwa na unga mweusi wa manganizi dayoksaidi, na kila aliyepita kidato cha pili anakumbuka jinsi oksijeni inavyotengenezwa maabara: peroksaidi juu ya manganizi dayoksaidi, viputo vinatoka kwa nguvu. Kijiti kisipooshwa vizuri kinatoa viputo hivyo hivyo, na mwanafunzi anaandika kwamba kaboni ya betri ni kichocheo bora. Penseli nayo, ambayo inatumika sana, si grafiti tupu. Ni grafiti na udongo wa mfinyanzi, na udongo huwa na oksaidi za chuma.

Rudi kwenye vifuu vyako. Kifuu kina majivu machache, hasa potasiamu, na potasiamu haikusumbui. Lakini kama mkaa umesagwa kwenye mashine yenye visu vya chuma, au umechomwa ndani ya pipa lenye kutu, umeongeza chuma wewe mwenyewe. Ili kujua, chukua gramu moja au mbili za unga, choma kwenye tanuri la maabara hadi ubaki majivu, uyayeyushe kwenye asidi ya haidrokloriki ya moto, chuja, poza, dondoshea myeyusho wa thiosayaneti ya potasiamu. Rangi ikigeuka nyekundu kama damu, chuma kipo. Kama chuo chenu kina mashine ya ufyonzaji wa atomu, peleka myeyusho huo huo upate kiasi chake.

Hatua ya pili ni kuosha unga kwa asidi ya haidrokloriki ya mola 1 hadi 2, yenye uvuguvugu, usiku kucha, kisha kwa maji yaliyotoneshwa mpaka yasiwe na asidi, na kupima upya. Mkondo wa peroksaidi ukianguka sana baada ya kuosha, umeshajua nani alikuwa anafanya kazi. Ya tatu watu huiruka, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote: chukua grafiti safi ya dukani, iongezee makusudi oksaidi ya chuma kwa kiasi kile kile ulichokikuta kwenye majivu, uone kama utapata mkondo unaofanana na wa mkaa wako wa mwanzo. Ukifanana, hadithi imekwisha.

Hapo hapo angalia kama mkaa wenyewe unapitisha umeme. Vifuu vilivyochomwa kwenye tanuru la kienyeji huenda havikufika hata nyuzi 500, na mkaa wa namna hiyo ni wa kupikia, si wa elektrodi. Unahitaji nyuzi 800 hadi 900 bila hewa. Chovya elektrodi kwenye ferisayanidi ya potasiamu iliyochanganywa na kloridi ya potasiamu, pitisha volti kwenda na kurudi, pima umbali wa volti kati ya vilele viwili vya mkondo. Elektrodi nzuri inakaribia milivolti 59. Ukiona mia kadhaa, mkaa haujaiva vya kutosha au mafuta yamezidi.

Sisemi kwamba kaboni haina uwezo wake yenyewe. Kingo za tabaka za grafiti zinafanya kazi kuliko uso wake laini, hilo limethibitishwa vizuri. Naitrojeni ikiingia ndani ya mtandao wa kaboni inabadilisha mgawanyo wa elektroni kwenye atomu jirani. Mwaka 2009 kundi la Liming Dai lilionyesha neli zenye naitrojeni zikipunguza oksijeni kwenye myeyusho wa alkali kwa ufanisi mkubwa. Lakini soma sentensi hiyo tena ukiwa na dumu la maziwa mbele yako: zilichangamka kwa oksijeni. Sehemu zinazoamsha peroksaidi kwenye kaboni ya namna hii, na hata kwenye kaboni yenye atomu moja moja za chuma zilizoshikwa na naitrojeni, kwa kawaida zinaamsha oksijeni pia. Kwa seli za fueli hilo ndilo linalotafutwa. Kwa kihisi cha maziwa linakurudisha pale pale ulipokwama.

Ndiyo maana nakushauri utumie mkaa wako kama barabara ya elektroni, na kazi ya kichocheo uikabidhi kwa kitu kingine kinachojulikana. Kitu hicho ni buluu ya Prussia.

Ni rangi iliyotengenezwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ya chuma na sayanidi, na imepakwa kwenye michoro na vitambaa kwa miaka mingi kabla ya mtu kuifikiria kwa umeme. Mwaka 1978 Neff alionyesha kwamba inaweza kuwekwa kama utando juu ya elektrodi na kubadilika rangi kwa volti. Mwaka 1984 Itaya na wenzake wakaona kwamba inachochea peroksaidi na oksijeni kupokea elektroni. Katika miaka ya 1990 Arkady Karyakin wa Moscow akaonyesha kwamba ikitengenezwa kwa uangalifu inaipa peroksaidi elektroni karibu na volti sifuri huku ikiiacha oksijeni bila kuigusa sana, na akaiita peroksidasi ya kutengenezwa. Jina hilo ni la haki. Peroksidasi ya asili, ile inayotolewa kwenye mzizi mkali wa mmea wa Ulaya wa jamii ya kabichi, inafanya kazi kwa atomu ya chuma iliyomo katikati yake. Tofauti ni kwamba yenyewe inataka friji, bei, na pH ya kubembelezwa.

Siri iko kwenye umbo. Atomu za chuma zimeunganishwa na sayanidi kuwa mchemraba wenye upande wa angstromu 10.2 hivi (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), na kati yake kuna vijia vyenye upana wa angstromu kama 3.2. Peroksaidi ni ndogo, inapenya. Vitamini C na asidi ya yuriki ni kubwa, zinabaki nje. Kwenye volti sifuri utando huwa umepokea elektroni na kuwa mweupe. Peroksaidi ikiingia inazichukua elektroni hizo na kuurudisha kwenye buluu, elektrodi inaujaza tena, na kile kinachojazwa ndicho unachokisoma kama mkondo. Kwenye volti hiyo vitamini C haijaanza kusumbua sana wala oksijeni haijaamka. Umekaa katikati, mbali na adui wa juu na wa chini.

Kuiandaa hakuhitaji mashine. Kundi la Giuseppe Palleschi pale Roma walifanya hivi kwa elektrodi zilizochapishwa: tone la ferisayanidi ya potasiamu ya mola 0.1 na tone la kloridi ya feriki ya mola 0.1, zote mbili ndani ya asidi ya haidrokloriki ya milimola 10, zinakutanishwa juu ya kaboni kwa dakika 10, zinasuuzwa kwa asidi hiyo hiyo, kisha zinakaa kwenye oveni ya nyuzi 100 kwa dakika 90. Elektrodi yako ina mafuta, kwa hiyo usiiweke kwenye oveni ikiwa imeshakandwa. Koroga unga wa mkaa uliooshwa ndani ya mchanganyiko wa myeyusho hiyo miwili kwa dakika 10, chuja, suuza. Maji ya kwanza yatashuka kwenye karatasi ya chujio yakiwa na buluu iliyokolea. Endelea kwa asidi ile nyepesi mpaka yashuke bila rangi, kausha unga kwenye oveni, halafu ndipo ukande na parafini. Ukipitisha volti kwenda na kurudi kwenye kloridi ya potasiamu yenye asidi kidogo, tafuta jozi ya vilele karibu na +0.2. Ikiwepo, imeshika. Isipokuwepo, usiendelee kupima maziwa. Rudi kwenye kuandaa.

Udhaifu wake uujue mapema. Buluu ya Prussia haipatani na alkali: haidroksidi inavunja kifungo cha chuma na naitrojeni ya sayanidi, na utando unayeyuka. Juu ya pH 7 maisha yake ni mafupi. Tena peroksaidi inapogeuka maji inaacha haidroksidi hapo hapo kwenye uso, kwa hiyo hata ndani ya myeyusho usioegemea upande wowote utando unajila polepole kama bafa ni dhaifu. Kwa bahati maziwa mabichi yana pH ya 6.6 hadi 6.8. Yachanganye na bafa ya fosfati ya pH 6 hadi 6.5, sehemu moja ya maziwa kwa tisa za bafa, na ndani ya bafa weka kloridi ya potasiamu ya mola 0.1, maana ayoni za potasiamu ndizo zinazoingia na kutoka kwenye vile vijia kusawazisha chaji. Kuzimua huko kunapunguza pia protini zinazoganda na kupunguza kasi ya vimeng'enya vya maziwa kula peroksaidi yako. Ile milimola 0.25 itakuwa mikromola 25, na elektrodi nzuri ya namna hii inaisoma bila shida.

Kwa kuganda kwa kasini, faida ya elektrodi ya kukanda ni kubwa kuliko wengi wanavyoichukulia. Ralph Adams alipoianzisha mwaka 1958 alitupa uso unaofanywa upya: unasukuma kidogo nje, unasugua kwenye karatasi laini, unaendelea. Fanya hivyo baada ya kila sampuli ya maziwa, na pima mara kwa mara kwenye peroksaidi unayoijua ili uone kama nyuso mpya zinalingana. Zisipolingana, tatizo ni ukandaji wako, na hilo linarekebishika.

Kuhusu peroksaidi unayoijua: usiamini lebo. Chupa ya asilimia 30 ikiwa mpya ina karibu mola 9.8, lakini ikishafunguliwa na kukaa kwenye joto letu inashuka. Titresheni ya pamanganeti kwenye asidi ya salfuriki, moli mbili za pamanganeti kwa moli tano za peroksaidi, ifanywe siku ile ile unayopima. Myeyusho mwembamba utengeneze asubuhi na umwage jioni.

Kipimo cha mwisho kinachoamua yote ni katalasi. Najua ulisema hutaki kimeng'enya, na kwenye kihisi hutakiweka. Lakini maabara, gawa sehemu mbili sampuli ya maziwa yaliyozimuliwa. Nusu moja iache, nusu nyingine itie katalasi kidogo, subiri dakika chache, pima zote. Katalasi haigusi vitamini C wala mafuta. Inaivunja peroksaidi tu. Mkondo uliopotea ni wa peroksaidi, uliobaki ni wa kitu kingine. Mimi nikipokea andiko la kihisi cha peroksaidi kwenye chakula, hii ndiyo grafu ninayoitafuta kwanza, na mara nyingi haimo. Kisha tumia njia ya kuongeza kiasi kinachojulikana ndani ya maziwa yenyewe, si mstari uliouchora kwenye bafa, kwa sababu maziwa hupunguza mwinuko wa mstari.

Kwa hiyo, uendelee na mkaa wa vifuu? Ndiyo, lakini tengeneza elektrodi nne badala ya moja: mkaa usiooshwa, mkaa uliooshwa kwa asidi, mkaa uliooshwa wenye buluu ya Prussia, na grafiti safi ya dukani yenye buluu ile ile. Zipime siku moja, kwenye maziwa yale yale, zikiwa na katalasi na bila katalasi, kwa volti -0.4 na kwa volti sifuri. Zile mbili za mwisho zikilingana, utaandika kwamba kifuu cha nazi ni kaboni ya bei nafuu inayopitisha umeme vizuri vya kutosha, na kwamba kichocheo ni buluu ya Prussia. Hayo ni matokeo kamili ya tasnifu, na kituo cha maziwa kinaweza kuyatumia. Ya kwanza ikiishinda ya pili, una sura nzima ya kuandika kuhusu chuma. Na unapotoa namba ya wepesi wa kihisi, yaani mkondo unaopanda kwa kila kiasi cha peroksaidi, kwa kila sentimita ya mraba, sema ni eneo la nje unalolipima kwa rula au eneo halisi la vinyweleo vyote, kwa sababu mkaa wenye vinyweleo vingi unaweza kuonekana bora mara kumi kwa sababu ya eneo tu.

Jambo moja la usalama kabla hujaanza. Ferisayanidi ikiwa kwenye asidi nyepesi na baridi, kama nilivyoeleza, haina hatari kubwa. Ikikutana na asidi kali, hasa ikipashwa moto, inaweza kutoa gesi ya sayanidi ya haidrojeni, ambayo inaua. Taka zake zikusanye kwenye chupa yake yenyewe iliyoandikwa jina, mbali na chupa ya taka za asidi, na umwonyeshe mhudumu wa maabara ilipo.